Munyu wa Majivu na Nungu wa Bahari

Mrenda ule ulikuwa mtamu. Hilo lisemwe kwanza, maana baadaye ulisingiziwa mengi, na chakula kizuri hakistahili kusingiziwa. Nabwile aliula mpaka akapangusa sahani kwa tonge la mwisho la ugali, akaegemea ukuta wa jikoni na kushusha pumzi ya mtu aliyeshiba.

"Senge, leo umejishinda. Umetia nini?"

Senge ni dada wa baba, na huyu senge Peris ndiye aliyemlea Nabwile pale Misikhu tangu akibebwa mgongoni. Aliuza mboga sokoni, na kama kuna mtu kati ya Webuye na Kiminini asiyeujua munyu wake wa majivu, mtu huyo amehamia juzi. Alichoma maganda ya maharagwe, akatia majivu katika kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu yake, na kile kilichodondoka, cha rangi ya chai kavu, ndicho kilicholainisha mboga za mrenda na kunde za nusu ya soko. Miaka arobaini ya kuchuja na kuonja. Ulimi wa Peris ulikuwa mizani.

"Munyu yangu iliisha jana," Peris akasema huku akikusanya sahani. "Nikaona kachupa kako ka soda pale kwa meza, nikaonja na kidole. Si nikapata ni munyu! Tena imechujwa ikawa safi kama maji ya mvua. Nikasema, huyu mtoto amesoma kweli, ata munyu sasa anachuja na mashine."

Nabwile alisimama polepole.

"Kachupa gani, senge?"

"Hako kalikuwa karibu na ndoo ya wadudu wako."

"Umemwaga yote?"

"Si ilikuwa kidogo tu. Mrenda inataka munyu, mama."

Asikimbie mtu kutafuta daktari. Chupani mlikuwa na kloridi ya potasiamu, gramu tatu na ushei katika maji, chumvi ambayo haikumwumiza mtu hata kichwa ilipogawanywa katika sufuria ya watu watano. Kosa, tena la aibu, lilikuwa la Nabwile mwenyewe. Kwa miaka minane alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana mjini Kitale, na kwa miaka yote minane aliwafokea wanafunzi kwamba dawa haiwekwi kwenye chupa ya soda. Kisha siku ya safari kizibo cha chupa ya maabara kikawa kinavuja, akachukua ya soda, akaandika jina kwa kalamu, na maji yakalifuta. Mganga hajigangi.

Bila dawa ile, ndoo iliyokuwa kando ya meza ilikuwa ndoo ya miiba tu. Ndani yake mlikuwa na nungu wa bahari wanne, wanyama wa mviringo wanaotoshana na chungwa, miiba mwili mzima, waliosafiri kwa basi kutoka pwani ndani ya sanduku la barafu, pamoja na dumu la maji ya bahari. Walitumwa sita na wawili walifia njiani. Mtumaji alikuwa Daktari Jepkorir, mzaliwa wa Saboti, aliyeongoza maabara ndogo ya viumbe vya bahari huko pwani na ambaye Ijumaa angekuwa jaji mkuu wa maonyesho ya sayansi ya Kitale. Nabwile alikuwa amemwandikia barua baada ya kuomba nafasi ya masomo mara tatu kwingineko na mara tatu kuambiwa kwamba stashahada yake haitoshi. Daktari alimpigia simu.

"Vyeti nimeona vya kutosha," alisema. "Kabati imejaa. Mimi nataka mikono. Nitakutumia wanyama. Wazalishe, utenganishe kiinitete kikiwa na seli mbili, uniletee nusu zote mbili zikiwa hai Ijumaa saa tano. Ukifanya hivyo nafasi ya mwaka mzima ni yako. Ukishindwa, Jumatatu nampa mwingine, na sitakulaumu."

Mwaka mzima. Nabwile aliyaweka maneno hayo kifuani na kulala nayo. Kwa miaka minane alikuwa ameosha vioo vya majaribio ya watu wengine na kupanga vyura kwa ajili ya vipindi vya walimu wengine, na hakuna siku hata moja ambayo mtu alimuuliza yeye anafikiri nini. Alikuja Misikhu kwa sababu Kitale usiku huwa na baridi ambayo viinitete vya bahari ya joto havingeivumilia, akabeba hadubini ya shule kwa ruhusa ya mkuu wake, akabeba na ile chupa. Nungu wa bahari ukimdunga potasiamu kidogo misuli yake hujikaza, naye humwaga mayai, au mbegu ikiwa ni dume. Usipomdunga, anakaa na siri yake mpaka afe. Na hawa walikuwa wanakufa. Miiba ilikuwa imeanza kulala. Ilikuwa Jumatano, saa sita na nusu mchana. Shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko mafupi ya Juni, maabara ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kwao, Mungu anajua wapi.

"Ulifanya makusudi," Nabwile akasema.

Neno likitoka halirudi. Jumapili, baada ya kanisa, Peris alikuwa amesema kwamba pwani ni mbali sana, na kwamba akifa ni nani atakayejua alipoweka kitenge chake cha kuzikiwa. Alisema kwa mzaha, lakini wote wawili walijua kwamba haukuwa mzaha wote. Sasa Peris alimtazama mtoto aliyemlea, akaziweka sahani chini taratibu kana kwamba ni mayai, akatoka nje. Hakupiga kelele. Peris asipopiga kelele, ujue pameharibika.

Nabwile aliketi peke yake na machozi ya hasira. Alikuwa bado na ule uchungu kidogo wa munyu nyuma ya ulimi, ule unaobaki baada ya mrenda mzuri, akawa anaumeza na kuumeza bila kuufikiria. Halafu akaufikiria.

Peris alisema ni munyu. Peris, ambaye angeweza kuonja tone moja na kukuambia ni majivu ya maharagwe au ya magunzi, na kama mvua iliyanyeshea kabla hayajachujwa. Ulimi ule haukuwahi kukosea miaka arobaini. Kwa nini ukosee leo?

Haukukosea.

"Yesu wangu," Nabwile akasema. Akatoka mbio bila viatu mpaka akateleza kwenye tope la uani na kujishika kwenye kamba ya nguo.

"Senge! Majivu iko?"

Peris alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kopo lake la kuchujia, mgongo kwa nyumba. "Ya nini? Unataka kunimwagia?"

"Ya maharagwe! Iko?"

"Iko debe nzima. Si tumevuna juzi."

"Hiyo kitu nilikuwa nayo kwa chupa, hata wewe uko nayo! Ulikuwa nayo siku zote! Potasiamu iko kwa majivu, senge. Ulimi yako ilijua na mimi sikujua!"

Peris hakuelewa hata nusu, lakini alielewa kwamba majivu yake yanatakiwa, na hiyo ilimtosha. Alijifunga leso kiunoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ikiwa mhunzi ni Peris, koleo lenyewe hatalikumbuka. Alimimina maji kwenye majivu kwa mkono mwepesi, kidogo kidogo, na alipoona Nabwile anataka kumimina yote kwa pamoja alimpiga kofi la mkono. Yale matone ya kwanza, alisema, ndiyo yenye nguvu. Ukiharakisha unapata maji ya kuoshea miguu. Waliyakusanya, wakayachemsha jikoni mpaka yakapungua, wakayachuja tena kwa kitambaa cheupe cha kanisani ambacho Peris alikitoa sandukuni bila kuombwa.

Lakini munyu ni mkali. Ungemdunga nao nungu wa bahari hivyo hivyo, ungemchoma. Nabwile alinunua chupa ya siki dukani, akaanza kuitia tone kwa tone, na munyu ukafoka povu mpaka Peris akaruka nyuma.

"Imekasirika!"

"Inatulia, senge. Ngoja."

Povu likaisha. Karatasi za litmasi, alizokuwa amezibeba kwa bahati tu mfukoni mwa koti la maabara, hazikugeuka rangi, wala nyekundu wala ya buluu. Ukali umekwisha. Ikabaki shida ya mwisho, nayo ilikuwa kubwa: nguvu yake ni kiasi gani? Ikizidi, mnyama anakufa. Ikipungua, hasikii kitu. Ilipaswa kuwa karibu na uzito wa maji ya bahari yenyewe, na pale Misikhu hakukuwa na mzani wa kupima jambo kama hilo.

Ndipo Wangila akaingia na pikipiki yake, mitungi ya maziwa ikigongana nyuma. Wangila ndiye mkusanya maziwa wa eneo lile, ndiye aliyeuchukua mzigo wa basi Webuye asubuhi, na ndiye mtu anayechukiwa kuliko wote na wenye ng'ombe wasio waaminifu, kwa sababu ya kipimo cha kioo anachokibeba ndani ya soksi. Anakitia kwenye maziwa, kinaelea, namba inasema kama umeongeza maji.

"Niaje, watu wa bahari? Wadudu wamezaa?"

Nabwile hakumjibu salamu. Alikuwa anaitazama ile soksi.

"Wangila, leta hiyo kitu."

"Ati nini? Hii ni ya kazi bana."

"Leta!"

Wakakitia kwenye maji ya bahari. Kikazama, kikainuka, kikatulia kwenye ishirini na tano, namba ambayo Wangila anaiona kila siku ya Mungu kwenye maziwa ya wasio waaminifu. Wakakitia kwenye munyu: kikaruka juu kabisa, mzito mno. Wakaongeza maji ya mvua kijiko baada ya kijiko, vichwa vitatu vikigongana juu ya jagi moja, mpaka namba ikashuka, ikashuka, ikatulia kwenye ishirini na tatu, chini kidogo ya bahari ili wasizidishe.

"Kama kuna ng'ombe baharini," Wangila akatangaza, "hii maziwa yake nakubali. Ata kama imeongezwa maji."

Saa nane na dakika kumi, Nabwile alimgeuza nungu wa kwanza, akatafuta ngozi laini iliyozunguka mdomo na kuingiza sindano. Alimpindua juu ya glasi iliyojaa maji ya bahari. Wakangoja. Nje kuku alikuwa analia kama ndiye anayetaga. Dakika ikapita, na nyingine, kisha kwenye vitundu vitano vya mgongoni pakatoka kitu cheupe, kizito, kikatiririka kama maziwa.

"Dume," Nabwile akanong'ona. Munyu umefanya kazi! Akataka kucheza, lakini dume peke yake si kitu. Wa pili: dume tena. Wa tatu hakutoa chochote. Alikuwa amekwenda zake. Akabaki mmoja. Nabwile alimshika kwa mikono miwili kabla ya kumdunga, na Peris, ambaye hakuamini wadudu lakini aliamini maombi, alifumba macho na kusogeza midomo.

Vitundu vitano. Kimya. Halafu chembe za manjano zikaanza kushuka kwenye glasi, taratibu, kama unga wa mahindi unavyopita kwenye chekecheo, maelfu kwa maelfu. Peris alipiga vigelegele hivi kwamba majirani wawili walikuja uani kuuliza ni nani ameposwa.

Tone moja la lile jeupe, lililozimuliwa kwa maji, likaingia kwenye yale ya manjano. Nabwile aliinamia hadubini. Kila yai likainua utando mwembamba ukalizunguka, moja, kumi, mia, kana kwamba yote yameambiwa neno kwa wakati mmoja. Alicheka kwa sauti. Alikuwa ameuona mchoro huo kwenye vitabu mara mia, akauchora ubaoni kwa niaba ya walimu wavivu, na hakuwahi kuuona ukifanyika mbele yake. Alimvuta Peris aangalie.

"Imejifunika blanketi," Peris akasema. "Haitaki mgeni mwingine."

"Ndiyo hivyo kabisa, senge! Hakuna mwalimu amewahi kuniambia vizuri hivyo."

Saa kumi kasoro, yai likajikunja katikati na kuwa seli mbili. Nabwile akavuta maji yenye viinitete akayatia kwenye kichupa chembamba. Hapo sasa ni kutikisa, kwa nguvu ya kutosha kuzitenganisha na kwa upole wa kutosha kutoziua, dakika tano bila kupumzika. Wangila, ambaye hutikisa mitungi tangu alfajiri, alinyoosha mkono amsaidie.

"Hapana. Daktari alisema mikono yangu."

Alitikisa mpaka bega likawaka moto. Kisha, kwa mrija wa kioo alioulainisha na kuuvuta mwenyewe kwenye moto mpaka ukawa mwembamba kama unywele, akawinda. Nyingi zilikuwa bado zimeshikana, nyingine zimepasuka. Lakini jozi tisa zilikuwa zimeachana salama, nusu hapa na mwenzake pale. Akaziweka kila jozi kwenye kisahani chake.

Peris alitazama, akaguna. "Sasa umekata mtoto katikati. Si kila mmoja atakuwa na mguu moja?"

"Hiyo ndiyo maneno, senge. Hizi seli zinaongea. Si kwa mdomo, zinatumiana ujumbe. Zikiwa pamoja, moja inaambia mwenzake: mimi niko upande huu, wewe fanya upande ule. Ukizitenganisha, hakuna wa kuiambia ifanye nusu. Inatakiwa ifanye yote."

"Kama ndugu wawili kwa shamba moja. Mmoja anakamua, mwingine analima. Mmoja akihamia Kabuchai, lazima ajue kukamua na kulima."

"Kabisa!"

"Na akikataa?"

Nabwile aliinamia tena hadubini. Hata saa kumi na moja na nusu, mwanga ukiwa bado mzuri dirishani, alikuwa bado ameinama pale. Viinitete vizima, ambavyo hakuvigusa, vilikuwa na seli kumi na sita, na chini kabisa seli nne ndogo kuliko zote. Hizo ndogo ndizo zenye kelele, alimweleza Peris. Hazitoshi kujaza kijiko cha mdudu chungu, lakini ndizo zinazowatangazia majirani wa juu kwamba nyinyi mtakuwa utumbo, jiandaeni. Peris alisema anawajua watu wa namna hiyo sokoni. Lakini zile nusu alizozitenganisha zilikuwa na seli nane tu, mbili ndogo chini, na upande mmoja zilikuwa wazi. Bakuli lililopasuliwa katikati. Zilikuwa zinagawanyika kama nusu, zikikaa kama nusu, zikiwa bado zinamngoja mwenzao ajenge ukuta wa pili. Jozi zote tisa zilikuwa hivyo.

Nabwile alikaa pale mpaka Peris akaichukua taa mezani.

"Kuku ukimchungulia kila saa anasusa mayai. Kuja ukule."

"Senge," Nabwile akasema. "Mchana nilisema neno mbaya."

"Ulisema. Nilisikia." Peris akamwekea ugali. "Kula."

Usiku ule alilala kwa amri. Asubuhi jogoo hakupewa nafasi ya kumaliza wimbo wake. Nabwile alikuwa tayari mezani, jicho kwenye kioo, na kisahani cha kwanza kikaonekana kitupu. Cha pili kitupu. Kisha kitu kikapita mbele ya jicho lake, mbio, kikizunguka. Akasogeza kisahani. Kikapita tena. Mpira! Mpira mdogo, mzima, umejifunga pande zote, una vinyweleo vya kuogelea, unajizungusha kama pia. Na mwenzake nyuma yake!

"ZIMEJIFUNGA!" alipiga kelele. "Senge! Zimejifunga zenyewe! Zinaogelea!"

Peris alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua. Alipoangalia, jicho likabaki pale kwenye kioo huku mwiko ukidondosha uji sakafuni.

"Jioni ilikuwa nusu," akasema mwishowe.

"Jioni ilikuwa nusu."

"Na hakuna mtu aliiambia."

"Hakuna."

Peris akafuta jicho kwa mgongo wa mkono ulioshika mwiko. "Hii kitu ina akili kuliko mjomba wako," akasema, akarudi kwenye uji wake.

Alhamisi yote Nabwile aliishi juu ya kile kiti. Aliona ukuta wa chini ukiingia ndani taratibu na kuwa utumbo, pale pale ambapo zile seli ndogo mbili zilikuwa zimetangaza. Jozi mbili zilikufa mchana, moja jioni, tatu usiku, na kila kifo kilimuuma. Ijumaa alfajiri jozi tatu zilikuwa imara kabisa: vibuu vidogo vyenye ncha, mifupa miembamba kama sindano ndani yake, nusu ya ukubwa wa vile vizima lakini havikukosa kiungo chochote. Walivisafirisha mpaka Kitale, kila jozi katika kichupa chake, ndani ya thamosi ya chai ya Peris, iliyooshwa mara saba ili isinuke tangawizi.

Ukumbi ulijaa. Katibu wa maonyesho alikuwa Kimeli, mwalimu wa fizikia mwenye tai iliyonyooka na fomu zilizonyooka zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Alipitia ya Nabwile kwa kalamu mpaka kalamu ikasimama.

"Hapa. Dawa ya kuzalisha. Mtengenezaji umeandika Peris, Misikhu. Hiyo ni kampuni?"

"Ni shangazi yangu."

"Madam, fomu inataka kampuni. Dawa isiyo na mtengenezaji inaondoa maonyesho yako. Sheria si yangu." Akatazama saa. "Badilisha kabla jaji afike, ama nitoe."

Wangila, aliyevaa shati la Krismasi kwa heshima ya siku, akamnong'onezea: "Si uandike tu ile ya shule? Ile kampuni ya kwa chupa kubwa. Nani atajua?"

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Ni neno moja tu, na lingempa mwaka mzima. Nabwile alishika kalamu. Upande wa pili wa meza Peris alikuwa amesimama na gauni lake la Jumuiya ya Akina Mama na kiondo begani, akitabasamu na watu asiowajua, haelewi kinachoendelea. Nabwile akairudisha kalamu mezani.

"Jina ni hilo," akasema. "Yeye ndiye alitengeneza."

Kimeli akapumua kwa huzuni ya kweli, akaanza kupiga mstari juu ya fomu. Hakuufikisha mwisho. Nyuma yake alisimama mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na miwani iliyosukumwa juu ya nywele.

"Ngoja kwanza," akasema Daktari Jepkorir. "Niangalie."

Akaangalia. Akaangalia kisahani cha kwanza, cha pili, cha tatu, akarudi cha kwanza. Watu wakakusanyika.

"Wawili wawili," Daktari akasema, jicho bado kwenye kioo. "Wadogo. Wazima. Jioni ya kwanza walikuwa wazi upande mmoja?"

"Kama bakuli limepasuliwa. Nilidhani wamekufa."

"Mimi wa kwanza wangu niliwamwaga," Daktari akasema. "Nililia, nikamwaga. Kumbe wangejifunga." Akainua kichwa. "Sasa niambie hii mambo ya Peris."

Nabwile alimwambia yote bila kuficha kitu: chupa ya soda, mrenda, ulimi wa senge, majivu, siki, kipimo cha maziwa ndani ya soksi. Ukumbi ulicheka mpaka Kimeli akaiweka fomu mbele ya uso wake, mabega yakimtikisika. Daktari peke yake hakucheka.

"Munyu yenyewe iko wapi?"

Peris alifungua kiondo. Alitoa chupa ndogo iliyofungwa karatasi kwa uzi mara nne, na juu ya karatasi, kwa herufi kubwa za mtu aliyefika darasa la sita, pameandikwa: MUNYU. USIPIKE.

Daktari Jepkorir alisoma maandishi yale, akafungua kifuniko, akachovya kidole na kuonja. Akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa tena jaji wa mtu yeyote. Alikuwa msichana wa Saboti aliyetumwa kuteka maji ya kuchujia.

"Maganda ya maharagwe," akasema. "Mama yangu alikuwa anafanya hivi. Miaka ishirini nanunua potasiamu kutoka ng'ambo, mama, na sikuwahi kufikiria." Akachukua kalamu ya Kimeli kutoka mkononi mwake, akaandika kwenye fomu, pembeni ya jina la Peris, neno moja: Nimeonja. Akatia sahihi. Kisha akamgeukia Nabwile. "Jumatatu ya wiki ijayo. Nataka hiyo mikono. Na hiyo kipimo ya maziwa pia."

"Ya kazi hiyo bana," Wangila akalalamika, lakini hakuna aliyemsikia, maana Nabwile alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na ukumbi mzima unampigia makofi.

Peris alingoja makofi yaishe. Alikaza kifuniko cha chupa yake, akairudisha kiondoni, akakiweka kiondo sawa begani. Alikuwa ameelewa vizuri kuliko wote.

"Daktari," akasema. "Huko kwenu pwani kuna maharagwe?"

"Kuna nazi, mama."

"Nazi haina munyu." Akamshika Nabwile shavuni kwa kiganja chenye harufu ya moshi. "Basi nitakuwa natuma majivu kwa basi, kila mwisho wa mwezi. Lakini usipatie wadudu yote. Na wewe ukule mrenda."